Mkono wa Kushoto wa Mama Deo

Nyinyi vijana mnaopita hapa Kalangalala na kofia zenu za kuchomelea zimening'inia begani, nawaona. Macho yangu siku hizi hayaoni tundu la sindano, lakini kofia zenu yanaziona vizuri sana. Zina kioo kinachojitia giza chenyewe moto ukiwaka, na moto ukizimika kinarudi kuwa cheupe, mtu anakagua kazi yake bila hata kuinua kichwa. Sisi tulitikisa shingo kofia ianguke usoni, tukawasha gizani, tukamwomba Mungu tuwe tumewasha mahali penyewe. Nawaonea wivu. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani mzee huyu anakaa kibarazani kuwabariki wapita njia. Mimi ni mtu wa wivu tangu ujana wangu, na dawa yake sijaiona.

Lakini mkitaka kujua mtu anajifunzaje TIG, ule uchomeleaji wa gesi, wakati mkono wake umeshaoa kazi nyingine, niulizeni mimi Shija, Baba Minza. Wapo waliojifunza vizuri kuliko mimi. Mmoja wao nitamtaja sana humu, si kwa kupenda.

Kabla ya TIG nilikuwa mtu mkubwa. Nilianzia Isaka, chini ya matela ya malori. Tela likipasuka chesisi, dereva ana mzigo wa kwenda nchi jirani na hataki kusikia habari ya kesho, wewe unatandika gunia, unalala chali, cheche zinakuingia kwenye kola na unazivumilia, kwa sababu ukiruka mshono umeharibika. Kutoka hapo nikahamia Runzewe, nikaunga mikokoteni na majembe ya ng'ombe. Kisha Geita, kwenye makarasha, zile mashine za kupondea mawe ya dhahabu ambazo zinapasuka kila siku kwa sababu kazi yake ni kugombana na mawe. Niliunga chuma chenye kutu, chenye rangi, chenye mavi ya ng'ombe. Kijiti cha kuchomelea hakichagui. Unakwangua kama kiberiti, moto unashika, unavuta, ganda linafunika mshono, unaligonga kwa kinyundo linaruka, na chini yake kazi inang'aa. Ile sauti ya ganda linaloruka niliipenda. Wateja pia waliipenda, wakijua fundi amemaliza.

Karakana niliyofanyia kazi hapa Geita ilikuwa ya Baba Pendo, mtu mpole kwa maneno na mkali kwa mahesabu. Siku moja alipata kazi ya vyombo vya stenlesi, kile chuma cheupe kisichoshika kutu, meza za jikoni na mabomba ya maziwa, na kazi hiyo haitaki vijiti, inataka TIG. Akanunua mashine na mtungi wa gesi ya agoni, akamwita mwalimu kutoka Mwanza. Akatuambia wazi mbele ya wote kwamba watafundishwa wawili, na mwisho wa mafunzo kila mmoja ataunga bomba mbele yake. Atakayeunga vizuri, mashine ni yake kuitumia. Mwingine atarudi kwenye mageti.

Wa kwanza kutajwa nilikuwa mimi, kwa ukubwa wangu. Wa pili alikuwa Mama Deo. Nilicheka, na sikuwa peke yangu.

Mama Deo ni Leokadia, Msumbwa wa Ushirombo, mama wa misa ya kwanza kila Jumapili. Alikuwa msusi sokoni Runzewe kabla mume wake hajahamia Geita, na hapa karakana alikuwa anapaka rangi mageti. Mageti yangu. Aliyajua makovu ya mishono yangu kuliko mke wangu anavyoyajua ya mgongo wangu, maana ndiye aliyeyaziba kwa puti kabla ya kuyapaka. Hakuwahi kulalamika wala kunitania, na hilo nalo sikulipenda. Kila asubuhi alisema shikamoo Baba Minza, nami nikasema marahaba bila kumwangalia.

Niwaambie nilichokitaka, ili mnielewe mbele ya safari. Niliitaka ile mashine. Sikuitaka kwa chochote kingine ila kwamba karakana nzima, na Baba Pendo, na wachimba dhahabu wanaoleta makarasha, wajue kwamba fundi wa pale ni Shija. Ilikuwa imeandikwa moyoni mwangu kwamba chuma cha Geita kikipata shida kitaniuliza mimi.

Mwalimu alipofika, kumbe ni kijana. Mabula, Msukuma mwenzangu, umri wa kaka zenu wakubwa. Kila asubuhi alinipa shikamoo kwa heshima zote, kisha akishavaa glavu ananiamuru kama mtoto wake. Mtu ukifundishwa na mdogo wako, masikio yanakuwa mazito. Hilo nalijua.

Siku ya kwanza akatuonyesha tochi, ile unayoishika kwa mkono wa kulia kama kalamu nene, na ndani yake kuna sindano ya tungsteni inayotoa moto. Sindano hiyo haiyeyuki na haigusi chuma. Moto unaruka wenyewe kutoka kwenye ncha yake ukikanyaga pedeli. Nikasema nimeelewa, nikashika tochi, nikaikwangua kwenye chuma kama kiberiti. Ncha ya sindano ikalamba chuma, ikavimba kichwa kama kijiti cha kiberiti kilichoungua. Mabula akaitoa, akainoa upya kwenye jiwe, akanirudishia. Nikakwangua tena. Mkono wangu ulikuwa umekwangua miaka yote ile, ungeambiwaje leo usikwangue? Asubuhi ile yote alikuwa ananoa na mimi naharibu, na katikati ya kunoa akanionyesha kwamba sindano inanolewa kwa urefu wake, mikwaruzo ielekee kwenye ncha, si kwa kuizungusha, la sivyo moto unayumba. Na jiwe la sindano lisinoe kitu kingine. Hilo liwekeni kichwani, ni la bure.

Mwisho nikaweza kuwasha bila kugusa. Nikavuta mshono mfupi. Nilifurahi kiasi kwamba nikainua kofia, nikachukua kinyundo changu, nikaanza kuugonga.

Mabula aliinama akautazama mshono. Kisha akasema, "Mzee, unagonga nini?"

TIG haina ganda, vijana. Hakuna kinachofunika mshono isipokuwa gesi, na gesi imeshakwenda zake. Mimi nilikuwa napiga kazi yangu mwenyewe nyundo, nautia mashimo mshono mzuri, nasubiri kitu kiruke. Karakana nzima ilicheka hadi mtu wa grainda akazima mashine yake. Tangu siku hiyo hata wateja wa mageti waliniuliza nagonga nini. Kosa hilo hamtalifanya nyinyi mlioanza moja kwa moja na TIG. Ni kosa la mtu aliyekuwa fundi.

Mama Deo hakucheka. Alikuwa ameinamia kipande chake, anajaza.

Hapa ndipo penye maumivu, na lazima niwaeleze kwa kituo. Kwenye vijiti, mkono unaofanya kazi ni mmoja, kwa sababu kijiti chenyewe ndicho moto na ndicho cha kujazia. Kwenye TIG mikono ni miwili na mguu. Wa kulia unashika moto, wa kushoto unalisha waya wa kujazia, kidogo kidogo, kwenye kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Ukichelewa kulisha, kidimbwi kinatoboka. Ukiwahisha, waya unagusa sindano, nawe unarudi kwenye jiwe kuinoa upya. Na waya hauwezi kuushika mahali pamoja, kwa sababu unaisha. Lazima vidole viusogeze vyenyewe, kidole gumba kinasukuma, viwili vinapokea, bila mkono kuondoka mahali pake. Mkono wangu wa kushoto haukuwahi kufundishwa kazi yoyote zaidi ya kushika bakuli la mchuzi lisimwagike. Nilikuwa nachomelea kidogo, nasimama, nausogeza waya, nawasha tena. Mshono wangu ulikuwa na vituo kuliko gari la mashambani.

Sasa mtazameni msusi. Msusi anasuka kwa mkono mmoja na kwa mwingine analisha nywele za kuongezea, kidogo kidogo, bila kusimama, bila kuangalia, kwa miaka. Mama Deo alipewa waya, akauzungusha mara chache kwenye vidole, ukaanza kutembea. Basi. Mabula alisimama nyuma yake, halafu akasema kwa Kisukuma wabeja, asante, kama mtu aliyepewa zawadi. Mimi hakuwahi kuniambia wabeja.

Nilimwonea wivu hadi chakula kikanishinda. Nilijiambia ni bahati. Nilijiambia mwanamke mkono wake mwepesi, ngoja afike kwenye chuma kinene. Alifika kwenye chuma kinene. Nilijiambia ngoja akosee. Akikosea alisema aa, nimekosea, akaenda kunoa sindano, akarudi, akaendelea, wala uso wake haukubadilika. Mtu anayekosea bila kuumia humwezi.

Nyumbani nilikuwa silali bila kumsema. Mama Deo kafanya hivi, Mama Deo mshono wake umetoka na rangi ya asali, Mama Deo leo Mabula kampiga picha kazi yake. Mke wangu, Mama Minza, alivumilia, mpaka jioni moja akaacha kuosha vyombo, akaniuliza huyo Mama Deo ana nini hata jina lake litajwe humu ndani kuliko majina ya watoto. Nikajaribu kumweleza habari za mkono wa kushoto. Ikawa mbaya zaidi.

Kesho yake mchana akaja karakana na chakula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na viatu vya harusini. Wenzangu wakaanza kufagia bila sababu. Akamsalimia Mama Deo, wakakaa kwenye mbao, wakaongea, mimi nakula sijui ninachokula. Nilitegemea vita. Waliongea wali unapoa, wakaongea nyanya zimepanda, wakaongea watoto wa siku hizi, kisha wakaagana kwa vicheko. Jumapili mchana mke wangu akarudi nyumbani kasukwa. Na nani? Na Mama Deo.

Nilikitazama kile kichwa. Mistari yote sawa, kila nywele ya kuongezea imeingia mahali pake, hakuna panapoonyesha ilipoanzia. Nilikuwa naangalia mshono wa TIG juu ya kichwa cha mke wangu ndani ya nyumba yangu.

Mama Minza akaniambia, "Mwenzio haangalii mkono. Anaongea na mimi, anacheka, mkono wa kushoto unakwenda wenyewe. Wewe utakuwa unauangalia."

Alisema kweli, na nikaudhika zaidi kwa kuwa alisema kweli bila kuwahi kushika tochi. Nilichukua waya wa kujazia kutoka karakana, nikakata ncha zisichome, nikaanza kuutembeza vidoleni mchana kutwa. Nikinywa chai, waya. Nikiongea na majirani, waya. Kanisani niliuficha mkono chini ya kitabu cha nyimbo nikautembeza, mpaka siku moja wakati wa sala ya kimya ukaniponyoka, ukaanguka kwenye sakafu ya saruji, ukalia kwa raha zake hadi mbele. Watu walifungua macho wakaniangalia mimi badala ya kumwangalia Mungu. Lakini mkono ulianza kusikia. Nawashauri hilo, isipokuwa kanisani.

Mambo mengine nilijifunza kwa kugombana nayo. TIG haitaki uchafu. Mimi wa mavi ya ng'ombe nilifundishwa kufuta stenlesi kwa kitambaa safi chenye spiriti, na brashi yake iwe yake peke yake, maana brashi iliyogusa chuma cha kawaida inaacha kutu ndani ya stenlesi na kazi inaota madoa mteja akishaondoka. Haitaki upepo. Mageti tulikuwa tunachomelea nje uwanjani, nikataka na TIG niende nayo nje kwenye hewa, gesi ikapeperushwa, mshono ukatoka kama sponji. Tukaingia ndani, tukafunga dirisha, tukazima feni, tukatoka jasho la kuoga. Na ukimaliza mshono usikimbie. Kwenye vijiti ukimaliza unainuka. Kwenye TIG unazima moto lakini tochi inabaki pale pale, gesi inaendelea kutoka kidogo, inaulinda mshono upoe. Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kukaa kimya juu ya kazi iliyoisha.

Kumwuliza Mama Deo chochote sikuweza. Mabula nilimwuliza kwa shida, na Mama Deo kamwe. Badala yake nilimchungulia. Nyinyi mnajua kwamba moto huo hautazamwi kwa macho matupu, kwa hiyo kumchungulia mtu wa TIG lazima uvae kofia, usogee karibu, uiname. Si kuchungulia huko, ni kuhudhuria darasa. Nilijifanya nakagua mtungi wa gesi, nakaa pembeni yake na kofia usoni kama mtu aliyepotea njia. Siku nyingine niliona kama anapunguza mwendo nikiwa pale, waya unaingia polepole, kila tone naliona. Nikasema moyoni, anaringa.

Karibu na mwisho wa mafunzo nilifiwa na shemeji Runzewe, nikaenda mazikoni. Siku hizo ndizo Mabula alizofundisha kuunga bomba la stenlesi. Niliporudi nikakuta ameshamaliza sehemu hiyo. Akanieleza juu juu kwamba stenlesi ikiungwa kwa nje tu, upande wa ndani unaungua na kutoka weusi, kama ukoko wa sufuria, na maziwa yakipita humo yanaharibika. Kwa hiyo ndani ya bomba nako kunajazwa agoni. Kampira kadogo kanaleta gesi kupitia mwisho mmoja, na miisho yote miwili inazibwa kwa karatasi na tepu. Mengine akasema nitayaona, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda kutafuta waya. Nikayaona kwa njia yangu. Nikamchungulia Mama Deo akiunga. Nikaona kampira, nikaona karatasi, nikaona tepu. Nilikuwa nimeinama upande wa kampira. Upande wa pili ulikuwa mbali na mimi.

Siku ya mtihani Baba Pendo alileta kiti chake. Mafundi wote wakasimamisha kazi zao. Tulipewa vipande viwili viwili vya bomba la unene wa ngumi, tuunge viwe kimoja, kisha vijazwe maji kwa pampu tuone kama panavuja, na vikatwe tuone ndani.

Mama Deo alianza. Sina la kusema juu ya kazi ile, mshono ulizunguka bomba ukarudi ulipoanzia. Akaliweka pembeni lipoe, akainuka kunipisha.

Nikajiandaa. Nilifuta, nikapiga brashi, nikanoa sindano kwa urefu wake, nikashikiza vipande kwa nukta nne sawasawa. Mkono wa kushoto ulikuwa unautembeza waya. Nikaziba mwisho wa kampira, nikaenda kuziba mwisho wa pili. Nilikuwa nabana tepu ndipo Mama Deo akapita nyuma yangu kuchukua glavu zake. Aliinama kidogo na kusema kwa sauti ya chini, mimi tu nisikie.

"Baba Minza, hapo mwisho panaachwa kitundu. Usipazibe pote."

Nataka mjue nilichokiwaza, kwa sababu wivu una akili yake. Niliwaza, sasa ameogopa. Ameona nimejiandaa vizuri, anataka gesi yangu ivuje, ndani patoke ukoko. Mtu anayekutakia mema angesema kwa sauti mbele za watu. Nikachukua tepu, nikaongeza raundi nyingine juu ya ile ya kwanza, nikaibana kwa kidole gumba.

Nikashusha kofia. Na vijana, niliunga. Siku ile mkono wangu ulinisikia kuliko siku zote. Tone, hatua, tone, hatua, waya unatembea wenyewe, hata sikuuangalia. Nilisikia watu nyuma yangu wakisogea karibu na nikajua ni kwa heshima. Nikazunguka robo ya kwanza, nusu, robo ya tatu. Nikafika mahali pa mwisho pa kuziba, pamebaki padogo kama punje ya mtama, nikiwa nishajiona na mashine.

Kidimbwi kikavimba. Kikapumua kama uji unaochemka, kikapasuka, kikanirukia. Nikajaza tena haraka, kikapasuka tena, sindano ikajaa chuma, na mahali pa punje ya mtama pakawa tundu la kupitisha kidole, lenye kingo zilizochanika.

Gesi, wanangu. Gesi ilikuwa inaingia ndani ya bomba na haina pa kutokea. Wakati mshono uko wazi ilitokea hapo. Kadiri nilivyoziba vizuri ndivyo ilivyobanwa, na nilipofika mwisho ikatafuta njia yake. Kitundu kidogo upande wa pili, cha kupitisha msumari tu, ndicho kinachoiacha ipumue. Laiti ningeunga vibaya, mshono wenye matundu ungenisitiri.

Mabula alikuja, akainua bomba likiwa la moto kwa glavu, akaenda upande wa pili, akagusa zile raundi za tepu. Akaniangalia kwa mshangao, si kwa hasira.

"Mzee, hukuambiwa habari ya kitundu?"

Baba Pendo aliinuka kwenye kiti kusikia. Kila mtu alikuwa anasubiri. Na Mama Deo alikuwa pale pale, hatua chache, ameshika glavu zake mkononi.

Nilijua atasema. Ilikuwa haki yake. Angesema tu kwamba aliniambia, na ingetosha, ningeondoka pale kama mtu mwenye wivu na si kama mtu asiyejua. Ningekuwa mimi ningesema, tena kwa sauti, tena kabla sijaulizwa. Nilimtazama nikisubiri. Alitazama bomba. Hakusema kitu. Mabula akajijibu mwenyewe, "Ah, mzee alikuwa mazikoni, kosa ni langu." Baba Pendo akatikisa kichwa kwa huruma, akasema bahati mbaya, na mashine akampa Mama Deo.

Nilirudi kwenye mageti. Baadaye kazi ya stenlesi ilipozidi, Baba Pendo akanunua mashine ya pili, nikaipata, na nikafanya TIG miaka mingi hadi macho yaliponikatalia. Nilikuwa fundi mzuri. Waliokula kwenye meza zangu katika kambi za migodi na walioweka maziwa kwenye matangi yangu hawajalalamika. Lakini wateja waliingia wakiuliza Mama Deo yupo, na nikisema hayupo walisema basi tutarudi. Niliwafundisha vijana wengi habari ya kitundu, na kila nilipoifundisha nililiona lile bomba na yule mwanamke amenyamaza. Kuunga nilijifunza. Ule unyamavu nilijaribu, na sikuuweza hata mara moja. Fundi mwenzangu akikosea mbele ya bosi nami nilishamwonya, mdomo wangu ulikuwa unafunguka wenyewe.

Juzi alikuja kutusalimia. Bado anafanya kazi, macho yake mazima kama ya kunguru. Alituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka Ushirombo, akakaa na Mama Minza wakamenya karanga. Nikaona nimezeeka, na kwamba nikifa na swali hili litanisumbua hata huko. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakusema.

"Siku ipi, Baba Minza?"

Nikamweleza. Siku ya mtihani. Bomba la stenlesi, tepu, kitundu, Mabula alivyouliza, Baba Pendo alivyoinuka kwenye kiti. Nikamwambia hata alivyokuwa ameshika glavu. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za kijiji cha watu wengine. Kisha akatafuta kichwani, akatafuta, na niliona kwamba anatafuta kweli kwa ajili yangu.

"Nilikuonya mimi?" akasema. "Mh. Wala sikumbuki. Mtihani naukumbuka, kulikuwa na joto siku ile." Akamgeukia mke wangu, akamwomba chumvi ya karanga.

Miaka yote hiyo nimekuwa nikiamini kwamba tupo wawili tunaolijua jambo lile, kwamba kila aliponipa shikamoo alikuwa ananikumbusha, kwamba kila aliponyamaza karakana alikuwa ananyamaza juu yangu. Kumbe alikuwa ameliweka chini siku ile ile, akaenda nyumbani kupika. Mimi ndiye niliyelibeba peke yangu, kila siku ya kazi, hadi uzeeni.

Haya, nendeni mkafanye kazi. Kwa TIG, wanangu, nilikuja kumkaribia. Kwa kusahau, sitamfikia kamwe.